Faida Inapohama, Mgodi Unabaki



Julai 2016, ofisi ya takwimu ya Ireland ilitangaza kwamba pato la taifa la nchi hiyo lilikuwa limekua kwa asilimia 26 katika mwaka mmoja tu wa 2015. Hata China haikuwahi kukua hivyo katika miaka yake ya mbio kubwa kabisa. Lakini aliyekuwa akiishi Dublin mwaka ule hakuona viwanda vikiongezeka kwa robo, wala mishahara ikipanda kwa robo, wala malori ya bandarini yakiongezeka kwa robo. Kilichoongezeka kilikuwa kwenye vitabu vya hesabu. Makampuni makubwa machache ya kigeni yalikuwa yamezihamishia Ireland hatimiliki zao, na pamoja nazo ikahamia faida inayopatikana kwa hatimiliki hizo katika nchi nyingi duniani.

Kwa nini mwaka ule? Jibu limo ndani ya sheria. Mwaka 2014 Waziri wa Fedha wa Ireland alitangaza kuufunga mlango uliokuwa ukiruhusu kampuni iandikishwe Ireland, lakini kwa mambo ya kodi ihesabiwe kuwa mkaazi wa Bermuda au kisiwa kingine kisichotoza kitu. Kampuni mpya zilifungiwa kuanzia Januari 2015. Za zamani zikapewa hadi mwisho wa 2020 ziwe zimejipanga upya. Lakini sheria ya fedha ya msimu huohuo iliziruhusu kampuni zinazonunua hatimiliki kukata gharama ya ununuzi huo dhidi ya faida yote inayotokana nazo, wakati kabla ya hapo kikomo kilikuwa asilimia 80. Mlango mmoja ukafungwa, mwingine ukapanuliwa, na mabilioni ya euro yakahama kwa saini. Takwimu zilivurugika kiasi kwamba Waireland walilazimika kutunga kipimo kingine cha uchumi wao, kinachoziondoa hesabu hizo za makampuni ya kigeni, ili serikali ijue nchi inapata nini hasa.

Nisiwaonee Waireland. Intel ilijenga kiwanda Leixlip, nje kidogo ya Dublin, tangu 1989, na kiwanda hicho kina mashine na watu. Apple iko Cork tangu 1980. Kodi ndogo ilisaidia kuwavuta wawekezaji, lakini walivutwa pia na shule, na lugha, na soko la Ulaya lililo wazi mbele yao. Ninachotaka ukione ni kwamba sheria ya kodi inapobadilika, kampuni ya kimataifa hujibu kwa vitu viwili visivyo na mwendo mmoja. Faida iliyoandikwa kitabuni huhama kwa wiki chache. Mtaji uliokwisha kuchimbiwa ardhini hauna pa kwenda; mwenye nao hupunguza kasi, hungoja, au huacha kufungua mgodi wa pili aliokuwa ameupanga.

Hoja yangu leo inatoka hapo. Kwa miaka mingi nchi zetu zimekuwa na sheria zinazoiacha faida ipite mlangoni, halafu inapokwisha kwenda tunalikamata jiwe, yaani madini yenyewe, kwa hasira. Hasira hiyo naielewa. Lakini kwa kadiri ninavyoisoma historia yetu na ya majirani, sheria zinazoishika faida pale inapotorokea, kwenye bei, kwenye riba na kwenye ada, hazijawafukuza wawekezaji. Zinazolikamata jiwe kwa ghafla ndizo zilizopunguza uchimbaji na kutugharimu na sisi.

Tuanze na sabuni na mafuta ya kupikia. Unilever Kenya ilikuwa ikitengeneza bidhaa Nairobi na kuziuza kwa Unilever Uganda, ndugu yake wa baba mmoja. Wakaguzi wa kodi wa Kenya walipofungua hesabu za 1995 na 1996 waliona jambo: bidhaa zilezile, zikiuzwa kwa wateja wa Kenya, au kwa wanunuzi wengine wa nje wasio na undugu na kampuni, zilikuwa na bei ya juu zaidi kuliko zikipelekwa kwa ndugu wa Kampala. Kamishna akauliza swali ambalo mimi na wewe tungeuliza: kama bei ya ndugu ni ya chini, je, faida iliyopaswa kubaki Nairobi haikuvushwa mpaka wa Busia ndani ya katoni hizo? Akaongeza kodi. Kampuni ikakata rufaa, ikisema Kampala ananunua kwa mkataba wa kudumu wa uzalishaji, bei yake inahesabiwa kwa gharama pamoja na nyongeza, na njia hiyo inakubalika katika miongozo ya OECD, ile jumuiya ya nchi tajiri yenye makao Paris.

Shauri lilifika Mahakama Kuu, na Oktoba 2005 Jaji Alnashir Visram akaamua kwa upande wa kampuni. Sababu yake ndiyo inayonigusa. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya ilikuwa na kifungu kinachosema biashara baina ya ndugu isipangwe kwa namna ya kupunguza faida, lakini hapakuwa na kanuni yoyote ya kumwambia mlipakodi, au hata mkaguzi, bei ya haki inapimwaje. Palipokosekana kanuni za nyumbani, jaji alisema, si haki kuipuuza ile miongozo ya kigeni. Kenya ilishindwa kwa sababu haikuwa imeandika.

Basi ikaandika. Kanuni za bei baina ya kampuni ndugu zilianza kutumika Kenya tarehe 1 Julai 2006, na tangu hapo kampuni inayofanya biashara na jamaa zake wa nje inatakiwa iwe na maandishi ya kuonyesha bei ilipatikanaje. Je, wawekezaji walifunga virago? Unilever iliendelea kuzalisha Nairobi. Kiwanda kilikuwapo kwa sababu soko lilikuwapo, na soko halikuhamishwa na kanuni. Kilichobadilika ni kazi ya wahasibu.

Sasa twende Zambia, kwa sababu shaba ya Zambia si jambo la mbali kwetu. Sehemu kubwa yake hupita bandari ya Dar es Salaam, na reli ya TAZARA ilijengwa kwa ajili ya safari hiyo. Kule Kitwe na Mufulira kuna migodi ya Mopani. Katika miaka ya 2006 hadi 2009 Mopani ilikuwa ikimuuzia shaba Glencore ya Uswisi, ambayo ndiyo iliyokuwa mmiliki wake mkuu. Shaba ni bidhaa ambayo bei yake hutangazwa kila siku ya kazi katika soko la metali la London. Hakuna siri hapo. Mkulima wa Mbozi mwenye simu anaweza kuiona. Lakini wakaguzi wa kodi wa Zambia waligundua kwamba bei aliyolipa Glencore ilikuwa chini ya ile ambayo Mopani ilikuwa ikiwauzia wanunuzi wasio ndugu zake.

Kampuni ilijitetea kwamba mkataba wake na Glencore ulikuwa na mgawanyo tofauti wa hatari za kupanda na kushuka kwa bei. Kesi ikasafiri kutoka baraza la kodi hadi Mahakama ya Juu ya Zambia, na Mei 2020 majaji wakaamua kwamba kampuni ilipe. Kiasi kilichokuwa kikidaiwa kilikuwa kama dola milioni 13. Kwa biashara ya shaba si fedha nyingi. Kilicho kikubwa ni kwamba nchi ya Kiafrika iliisoma ankara ya shaba mstari kwa mstari, ikaonyesha mahakamani kwamba bei haikuwa bei, na ikashinda.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 2008, Zambia ilifanya badiliko la sheria ambalo mimi nalihesabu kuwa la busara kuliko mengi yaliyofanyika katika ukanda huu. Iliandika kwamba metali zikiuzwa baina ya ndugu, bei ya kuhesabia kodi itakuwa ile ya soko la London au soko jingine linalotambulika. Uuze kwa nani, kwa mkataba gani, ni shauri lako. Kodi itahesabiwa kwa bei ya gazetini. Kifungu hicho hakihitaji ugomvi wa miaka kumi na minne. Na hakikufunga mgodi hata mmoja, kwa sababu hakimwongezei mchimbaji gharama yoyote ila gharama ya kusema kweli.

Lakini Zambia hiyohiyo inatupa na mfano wa upande wa pili. Serikali ilikuwa imechoka kuona faida haionekani kwenye hesabu za migodi mwaka baada ya mwaka. Kwa bajeti ya 2015 ikaamua kuachana kabisa na faida: ikafuta kodi ya mapato kwa uchimbaji, na badala yake ikapandisha mrabaha, yaani ule ushuru unaotozwa juu ya thamani ya madini yenyewe, kutoka asilimia 6 hadi asilimia 20 kwa migodi ya wazi, na asilimia 8 kwa ya chini ya ardhi. Nia ilikuwa nzuri. Mrabaha hauna ujanja. Tani imetoka, tani inalipiwa. Ubaya wake ni kwamba haujui tofauti ya mgodi tajiri na mgodi maskini. Lumwana, mgodi wa Barrick katika jimbo la kaskazini magharibi, una mawe yenye shaba kidogo kwa kila tani, na gharama zake ni kubwa. Desemba 2014 Barrick ikatangaza kwamba kwa kiwango kile itasimamisha shughuli. Maelfu ya ajira yakawa mezani. Kufikia Julai 2015 serikali ilikuwa imerudi nyuma: asilimia 9 kwa migodi ya wazi, 6 kwa ya chini, na kodi ya mapato ikarudishwa.

Unaona, msikilizaji, kampuni iliyobanwa kwenye bei haikutishia kufunga. Iliyobanwa kwenye jiwe ilitishia, na tishio lilikuwa na uzito, kwa sababu kwa mgodi wa aina ile asilimia 20 ya mauzo inaweza kuzidi faida nzima.

Sasa turudi nyumbani Tanzania, ambako jambo hili limetuumiza zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Sheria ya Madini ya 1998 ilitungwa wakati bei ya dhahabu ilikuwa chini ya dola 300 kwa aunsi na serikali ikitafuta wawekezaji kwa tochi. Mrabaha uliwekwa asilimia 3, tena juu ya thamani iliyokwisha kukatwa gharama za kusafirisha na kuyeyusha. Kampuni iliruhusiwa kuondoa gharama zake za mtaji mapema kabla ya kuanza kulipa kodi ya faida, na mikataba ya uendelezaji migodi ikagandisha masharti hayo kwa miaka mingi mbele. Migodi ikaja kweli: Geita, Bulyanhulu, North Mara, Buzwagi. Hilo tusilikane. Uwekezaji ulikuja, dhahabu ikatoka, na bei ikapanda hadi kupita dola 1,800 mwaka 2011. Kodi ya faida ndiyo iliyochelewa, mwaka hadi mwaka, kwa sababu hesabu zilikuwa zinasema hasara.

Hasara hiyo inatengenezwaje? Tuchukulie mfano wa kubuni. Mgodi unapata dola milioni 100 baada ya gharama za uchimbaji. Kwa kiwango cha asilimia 30, Hazina itegemee milioni 30. Lakini kampuni mama haikuleta mtaji wake kama hisa. Iliuleta kama mkopo wa dola bilioni moja kutoka kampuni dada iliyoko kisiwani, kwa riba ya asilimia 10. Riba ya mwaka ni milioni 100. Faida imekwisha. Hazina inapata kodi ya zuio juu ya riba, tuseme asilimia 10, yaani milioni 10 badala ya 30, na kama kuna mkataba wa kodi na nchi hiyo ya kisiwa inaweza kupata pungufu ya hapo. Ni mtu anayejikopesha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kisha anamwonyesha mtoza kodi ule uliotoboka. Juu ya riba ongeza ada za menejimenti, ada za kutumia jina la kampuni, bima inayokatwa kwa kampuni dada, mitambo inayokodishwa kutoka kwa kampuni dada nyingine. Kila moja ina ankara yake halali na muhuri wake.

Ndiyo maana sheria yetu ya kodi ya mapato imeweka kikomo kwa kampuni zinazomilikiwa na wageni: riba inayoruhusiwa kukatwa ni ya deni lisilozidi uwiano wa 70 kwa 30 na mtaji. Kenya nayo, tangu 2022, imeikata riba isizidi asilimia 30 ya mapato ya kampuni kabla ya riba, kodi na uchakavu. Haya ni mabadiliko ambayo hakuna gazeti linaloyaweka ukurasa wa mbele. Ningependa yawekwe.

Tanzania ilijaribu kwanza njia ya utaratibu. Mwaka 2007, baada ya Bunge kuwaka moto juu ya mkataba wa Buzwagi uliosainiwa London, Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani. Kamati ilisikiliza, ikapima, ikaandika. Matokeo yake ni Sheria ya Madini ya 2010: mrabaha wa dhahabu asilimia 4, na safari hii juu ya thamani ghafi. Hilo neno la mwisho lilikuwa na faida kuliko ile asilimia moja iliyoongezwa, kwa sababu liliondoa nafasi ya kukatakata gharama kabla ya kuhesabu. Lakini wenye mikataba iliyogandishwa hawakulazimika mara moja, na hapo palikuwa na jeraha lililoachwa wazi.

Mwaka 2016 likaja jambo lililowafungua watu macho. Baraza la Rufani za Kodi lilikubaliana na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, katika dai la dola milioni 41 na robo dhidi ya African Barrick Gold, kampuni iliyokuwa imeandikishwa London na baadaye ikaitwa Acacia. Hoja ilikuwa rahisi kuielewa. Kati ya 2010 na 2013 kampuni ililipa wanahisa wake gawio la zaidi ya dola milioni 412. Migodi yake inayozalisha yote ilikuwa Tanzania. Na migodi hiyo, kwa hesabu zilizokuwa zikiletwa TRA, ilikuwa ikipata hasara. Gawio hutoka kwenye faida. Kama faida haiko Bulyanhulu, iko wapi? TRA haikuhitaji kubomoa kitu. Ililinganisha kitabu kilicholetwa Dar es Salaam na kitabu kilichopelekwa kwa wanahisa London. Kampuni ilipinga na kukata rufaa, lakini swali lilikuwa limekwisha kuulizwa mbele ya watu wote.

Mimi natamani tungeendelea na njia ile, kitabu kwa kitabu, mwaka kwa mwaka. Badala yake yakaja ya 2017. Machi mwaka huo serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha ambao hupelekwa nje kuyeyushwa. Makontena 277 yalikwama bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema dhahabu iliyomo ni mara nyingi zaidi ya iliyotajwa kwenye nyaraka, kampuni ikakanusha. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikaangalia kodi na mikataba. Mapema Julai Bunge likapitisha kwa hati ya dharura sheria tatu: ya umiliki wa kudumu wa rasilimali, ya kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, na ya marekebisho yaliyopandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 6 na kuipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Ada ya ukaguzi ya asilimia moja ikaongezwa juu. Na mwezi huohuo Acacia ikapelekewa madai ya kodi, faini na riba ya dola bilioni 190, zaidi ya mara tatu ya pato la taifa letu la mwaka mzima.

Nasema kwa moyo mmoja: nchi ilikuwa na haki ya kuifungua mikataba ile. Masharti yaliyogandishwa wakati dhahabu haina bei hayakuweza kuendelea wakati bei imepaa, na sharti la kwamba Bunge linaweza kuyapitia ni sharti ninaloliunga mkono hadi leo. Lakini tarakimu isiyolipika haina mlipaji. Bilioni 190 haikuwa kodi ya mtu yeyote kukusanya, na kila aliyekuwa na pesa ya utafiti wa madini aliisoma hivyo. Septemba 2017 Acacia ikatangaza kupunguza shughuli Bulyanhulu. Waliopoteza kazi hawakuwa wahasibu wa London. Walikuwa vijana wa Kahama na Msalala, na mama aliyekuwa akiwauzia chakula, na halmashauri iliyokuwa ikitegemea ushuru wa huduma.

Mwisho wake unaujua. Septemba 2019 Barrick ikainunua Acacia yote. Januari 2020 mkataba ukasainiwa: Twiga Minerals, Barrick asilimia 84, serikali 16, malipo ya dola milioni 300 kumaliza migogoro, na kanuni ya kugawana manufaa ya kiuchumi nusu kwa nusu. Mwishoni mwa 2020 uchimbaji wa chini ya ardhi Bulyanhulu ukaanza tena. Tumefika mahali pazuri kuliko tulipokuwa. Ila nusu kwa nusu ya nini? Manufaa huhesabiwa baada ya gharama. Gharama zikivimba kwenye ankara ya mtambo au riba ya mkopo, nusu yetu inakuwa nusu ya kitu kidogo. Kwa hiyo hata mkataba huo unategemea ile kazi ya kimyakimya ya kukagua bei.

Yapo mambo mawili ya ulimwengu ambayo yanapaswa kuingia kwenye hesabu zetu. La kwanza ni ushahidi. Wachumi Tørsløv, Wier na Zucman walikadiria kwamba mwaka 2015 kama asilimia 36 ya faida ambayo makampuni ya kimataifa yalipata nje ya nchi zao za makao ilihamishiwa kwenye nchi za kodi ndogo. Na Marekani ilipoishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 mwaka 2018, watafiti waliofuatilia waliona kwamba makampuni yaliyopata nafuu ya wastani yaliongeza uwekezaji kama asilimia 20 kuliko yasiyopata kitu. Nafuu iliyofanya kazi zaidi kwa kila dola ni ile ya kuruhusu gharama za mitambo mipya zikatwe mara moja. Kushusha kiwango kizima kunamzawadia hata mwenye faida ya kiwanda alichojenga miaka ishirini iliyopita. Ukitaka mtambo, punguzia kodi mtambo.

La pili ni kodi ya chini ya asilimia 15, iliyokubaliwa na nchi 136 Oktoba 2021 kwa makampuni yenye mauzo ya kuanzia euro milioni 750. Kenya haikutia saini wakati ule, na sababu zake zilikuwa nzito, mojawapo ikiwa ni kulazimishwa kufuta kodi yake ya huduma za kidijitali. Marekani nayo, tangu Januari 2025, imesema makubaliano hayo hayaifungi. Lakini nchi za Ulaya, Uingereza, Japani na Korea Kusini zimekwisha kuyatia kwenye sheria zao. Maana yake kwetu ni nzito. Kenya humpa mwekezaji wa eneo la mauzo ya nje, kama pale Athi River, miaka kumi bila kodi ya mapato. Ikiwa mwekezaji huyo ni tawi la kampuni kubwa ya Kifaransa, kodi ambayo Nairobi imeisamehe sasa inaweza kutozwa na Paris hadi ifike asilimia 15. Tunamsamehe Mfaransa, Hazina ya Ufaransa inakula. Desemba 2024 Kenya ilipitisha sheria ya kuitoza yenyewe tofauti hiyo kwa makampuni ya ukubwa huo, na kwa hilo naipongeza. Tanzania yenye maeneo yake maalumu ya uzalishaji inapaswa kulitazama jambo hili kwa haraka.

Mikataba ya kodi nayo ipitiwe. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha mkataba wa Kenya na Mauritius wa 2012, baada ya mtandao wa Afrika wa haki za kodi kufungua kesi mwaka 2014. Ulivunjwa kwa sababu ya utaratibu, lakini kesi ile iliwafanya Wakenya waanze kuuliza kwa nini fedha za ujenzi wa Nairobi zipite Port Louis kwanza.

Juni ikifika, siku ya bajeti, mawaziri wetu watasoma hotuba ndefu. Magazeti ya kesho yake yatakuwa na bei ya bia na mafuta. Mimi nitakuwa nasikiliza misamaha: nani kapewa, kwa miaka mingapi, na kwa mtambo gani. Nitasikiliza pia fedha zilizotengwa kwa kitengo cha kodi za kimataifa cha TRA na kwa Baraza la Rufani. Maana mashauri haya huchukua muda mrefu: hesabu za Unilever za 1995 zilihukumiwa 2005. Za Mopani za 2006 zilifika mwisho 2020. Tangu 2015 upo mpango wa OECD na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa wa kuwakalisha wakaguzi wenye uzoefu kutoka nchi nyingine bega kwa bega na wakaguzi wetu juu ya mafaili halisi. Lakini mkaguzi aliyefunzwa hivyo anaweza kuajiriwa na kampuni ya ukaguzi kwa mshahara mkubwa zaidi, na faili lake likaanza upya mikononi mwa mwingine. Mheshimiwa mbunge anayenisikiliza aulize jambo hilo Dodoma, kwa tarakimu: wako wangapi, wanalipwaje, na mafaili mangapi ya makampuni ya kimataifa yamepita miaka mitatu bila kufungwa.